Mama Nyuma ya Goli la Wageni

Wiki iliyopita nilipita karibu na kiwanja cha shule, hapa Kilifi ninapoishi siku hizi, nikamkuta mzee mmoja akipiga mistari kwa ajili ya mashindano ya watoto. Chokaa ilikuwa bado mbichi, imekorogwa kwenye ndoo, na nyasi ndiyo kwanza zimekatwa. Nilisimama. Harufu ile ilinishika kooni kabla sijajua ni harufu ya nini. Mara nikajiona nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya goli, na mbele yangu uko mgongo wa mama yangu, buibui jeusi na juu yake kizibao cha rangi ya chungwa.

Mliokulia Malindi nyakati zile mtaikumbuka timu yetu ilipopanda ligi kuu. Mtakumbuka jinsi mji ulivyobadilika siku za mechi, maduka yakifungwa mapema, na watu waliokuwa hawasalimiani wakikumbatiana kwa sababu ya goli moja. Kipa wa timu ile alikuwa kaka yangu, Athumani. Mimi nilikuwa darasa la tatu na yeye alikuwa kijana mzima mwenye ndevu. Baba yetu alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi watatu, Mama, Athumani na mimi.

Mama alikuwa mpiga picha. Watu walimwita Bi Mwanaisha wa Picha, na kazi yake ilikuwa upande wa wanawake. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenzake akiwa amevaa dhahabu na asumini, mpiga picha mwanamume hakanyagi pale, na familia nyingi zilimwamini Mama peke yake. Nilienda naye mara nyingi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Nilizijua kwa moyo amri zake. "Inua kidevu, mwanangu. Sogeza mkono. Kidogo tu. Hivyo hivyo. Fungua macho, usifumbe." Kila aliyesimama mbele ya kamera yake alikuwa mwanangu, hata kama ni bibi wa miaka sabini. Zamani jambo hilo lilinitia wivu, baadaye nikalizoea.

Alikuwa na lenzi moja ndefu kama mkono wangu. Aliachiwa na mzee wa Kitaliano, jirani wa duka letu la picha, aliyekuwa akienda mdomo wa mto Sabaki kuwapiga picha heroe na ndege wengine. Alipoamua kurudi kwao alimwambia Mama kwamba huko hakuna ndege wa kumfaa. Mama hakuwa na matumizi nayo. Kwenye ukumbi wa harusi lenzi kama ile inakuonyesha pua tu. Basi ikakaa kabatini mpaka siku meneja wa timu, Bwana Kazungu, alipobisha hodi dukani.

"Bi Mwanaisha, nasikia una lenzi ya kuonea mbali."

"Ninayo. Lakini mimi napiga maharusi, Bwana Kazungu."

"Hawa nao ni maharusi wangu," alisema, akacheka. Kisha hakucheka tena. Mpiga picha wa timu alikuwa amehamia Mombasa, na timu ya ligi kuu haiwezi kukaa bila picha. "Ila kuna jambo. Kipa wangu ni mwanao, najua. Ukishavaa kizibao cha wapiga picha, wewe huna mtoto pale. Ukimshangilia, ukimwita, ukitia mguu ndani ya mstari, refa ataandika, na tutakaoadhibiwa ni sisi."

Mama alikitazama kile kizibao mkononi mwa meneja.

"Nikishakivaa, simjui," alisema.

Nilikuwa nimekaa chini nikipanga bahasha, nikayasikia maneno hayo, nikayachukua kama yalivyo. Mtoto hana namna nyingine ya kuyachukua maneno ya mama yake. Niliamini kwamba nguo ile ikipita kichwani, kuna kitu ndani ya Mama kinazimwa. Na niliyoyaona uwanjani yakathibitisha. Athumani alipita mbele yetu wakati wa kupasha misuli, karibu kiasi cha kumgusa, na Mama akainamisha uso kwenye kamera. Athumani naye akatazama kando. Mimi nikaogopa. Nikafikiri, kama hamjui Athumani, basi hata mimi hanijui. Toka siku hiyo, akiwa amevaa kizibao sikumwita Mama hata mara moja. Nikibanwa na haja nilimvuta nguo tu.

Jambo la pili lililonisumbua ni mahali alipochagua kukaa. Siku zote alikaa nyuma ya goli la wageni, mbali kabisa na Athumani. Timu zikibadilishana upande baada ya mapumziko, na sisi tulibeba kreti letu tukauzunguka uwanja mzima kwenda kule ambako Athumani hayupo. Nilimuuliza nyumbani kwa nini.

"Meneja anataka picha za magoli yetu," alinijibu. "Magoli yetu yanaingia kule, hayaingii kwa Athumani."

Lilikuwa jibu safi lakini halikuniridhisha. Nyumbani, kizibao kikiwa kimetundikwa msumarini, alimkalisha Athumani kwenye mkeka akamkanda mabega kwa mafuta ya mkaratusi, akimgombeza kwa nini hali vizuri. Niliwatazama nikajisemea, haya, sasa amemjua tena.

Mechi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwisho wa msimu. Tukifungwa tulikuwa tunashuka daraja. Sare ilitutosha. Wageni walitoka bara, nao walikuwa na shida kama yetu, wao wakitaka ushindi na si kitu kingine. Walikuja na mabasi na ngoma. Wa kwetu nao walimiminika toka kila upande. Malori yaliwaleta vijana wa mashamba ya chumvi ya Marereni, wengine wakiwa bado na weupe wa chumvi kwenye ndala. Kufikia saa tisa kamba ya kuzuia watu ilikuwa imeshakanyagwa. Watu walikaa mpaka kwenye chokaa yenyewe, vidole vya miguu vikigusa mstari, na askari wachache waliokuwepo wakawa wanapiga kelele tu bila kusogeza mtu.

Nyuma yetu, karibu kiasi kwamba nilihisi pumzi zao shingoni, walikaa vijana wa chumvi. Mmoja aliitwa Karisa. Nililijua jina lake kwa sababu wenzake walilitaja kila alipotukana, wakimwambia, "Karisa, kuna mtoto hapa." Alikuwa na mikono iliyopasukapasuka, na alikuwa akimjua kila mchezaji kwa jina la mama yake.

Kipindi cha kwanza tulipata goli. Mama alilinasa, niliona bega lake likitulia kama jiwe wakati uwanja mzima ukiruka. Lakini kabla ya mapumziko wageni wakapiga kona, mpira ukapita kwenye mikono ya Athumani kama sabuni, ukaingia. Nilisikia uwanja ukitoa sauti ya mtu aliyepigwa tumboni. Kisha matusi yakaanza.

"Kipa gani huyu! Mtoeni!"

Mama hakugeuka. Niliuona mshipa wa shingo yake, pale mtandio uliposogea, ukipiga harakaharaka.

Wakati wa mapumziko tulipouzunguka uwanja na kreti letu, mwanamke mmoja muuza maji alimtambua. "Bi Mwanaisha! Mwanao atatushusha daraja leo!" Watu wakageuka kututazama. Mama alinishika mkono, akatembea mbele bila kujibu, na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Karisa na wenzake nao walihama upande, wakatufuata nyuma ya goli lile jingine, kwa kuwa walitaka kuyaona magoli yetu yakiingia.

Kipindi cha pili hakuna aliyetulia. Wageni walikuja kama maji. Sisi tulikuwa upande ambako hakuna kinachotokea, tukitazama migongo ya wachezaji wetu na, mbali kule, Athumani kama mdudu wa kijani kati ya milingoti miwili. Alipangua moja. Alipangua nyingine kwa mguu. Waliomtukana sasa wakaanza kuliimba jina lake. Niliona Mama ameigeuza lenzi ndefu kumwelekea, ingawa kazi yake haikuwa kule, nikashangaa kidogo.

Kisha ikaja pasi ndefu juu ya vichwa vya mabeki. Mshambuliaji wao mrefu akaponyoka peke yake. Athumani alitoka golini akikimbia, akajitupa miguuni pake, na toka nilipokaa niliona tu vitu viwili vikigongana na kimoja kikibaki chini. Sauti ya kule ilitufikia ikiwa imechelewa. Uwanja ukazizima. Sijawahi tena kusikia watu wengi kiasi kile wakinyamaza kwa pamoja.

Athumani hakuinuka. Mchezaji wetu mmoja alimkaribia, akainama, halafu akaanza kupunga mikono yote miwili kama mtu anayezama.

Nilimtazama Mama. Alikuwa amepiga magoti, kamera jichoni, lenzi imenyooka kuelekea kule. Hakutikisika. Nilingoja ashushe kamera, ainuke, akimbie. Hakuinuka. Badala yake nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini, ileile ya ukumbini:

"Fungua macho. Fungua macho, mwanangu, usifumbe. Sogeza mkono. Kidogo tu. Sogeza mkono."

Nilielewa kwamba anampanga. Anampanga kaka yangu apendeze kwenye picha, kama alivyowapanga maharusi wote, na yeye yuko chini anakufa.

Karisa naye alimwona. "He! Mama gani huyu? Mwanawe kaanguka kule, yeye apiga picha tu!"

"Ndiye mamake?"

"Ndiye! Nawaambia ndiye! Hana moyo huyu!"

Chupa ya maji ilirushwa, ikampiga Mama begani, maji yakamwagika kwenye buibui. Hakushusha kamera. "Hivyo hivyo," nilimsikia akisema. "Hivyo hivyo, mwanangu."

Nikapiga kelele. Nikamwita Mama, kizibao kikiwa mwilini mwake, nikiwa sijali tena kama ananijua au hanijui. Hakugeuka. Hapo nikaondoka mbio.

Sikukumbuka mstari wala refa. Nilikimbia pembeni mwa uwanja, nikiruka miguu ya watu waliokaa. Mlinzi mmoja alinidaka nguo yangu ya manjano, nikampiga kikumbo, nguo ikachanika mshono akabaki na kipande. Uwanja ule niliouzunguka mara nyingi na kreti nikiwa sioni urefu wake, siku ile haukuisha. Pumzi zilinichoma. Nilipofika niliwapenya wachezaji katikati ya miguu yao, nikaanguka kwa magoti kando ya Athumani.

Uso wake upande wa kushoto haukuwa uso. Ulikuwa umeingia ndani, umevimba juu, na damu ilikuwa ikitoka puani na masikioni ikiingia kwenye nyasi na chokaa. Jicho moja lilikuwa wazi kidogo. Daktari wa timu alikuwa amemshika taya, akiwaambia watu wasogee apate hewa. Mpira ulikuwa bado umebanwa kifuani chini ya mkono wake wa kulia, na hakuna aliyethubutu kuutoa. Nikaushika mkono wake wa kushoto, nikauvua glavu, nikaingiza vidole vyangu ndani ya vyake. Akanibana. Kidogo sana, lakini akanibana.

"Toeni mtoto huyu!" mtu alisema.

"Mwacheni," ilikuwa sauti ya Bwana Kazungu. "Ni nduguye."

Ambulensi ilikuwepo, lakini ilikuwa nje ya geti, na geti lilikuwa limezibwa na pikipiki za mashabiki, zimepangwa bega kwa bega mpaka barabarani. Dereva alipiga honi, ikawa kama anaipigia bahari. Nilimwona Bwana Kazungu, mzee wa tumbo na heshima zake, akikimbilia getini akiwa ameshika kofia. Wanaume wakaanza kuzinyanyua pikipiki moja moja na kuzitupa kando, vioo vikivunjika, na wenye pikipiki wenyewe wakisaidia kutupa. Wa kwetu na wa wageni walichanganyika. Ilichukua muda. Daktari alikuwa akirudia jina la Athumani tu, "Athumani, Athumani, uko nasi," na kila alipolisema sauti yake ilizidi kupanda.

Tulipompandisha machela, Bwana Kazungu alinisukumiza ndani nami. Mlango ulifungwa. Nilichungulia kioo cha nyuma kumtafuta Mama, sikuona ila vichwa.

Njiani Athumani alitikisa midomo. Nilimwinamia.

"Ulipita?" aliuliza.

"Haukupita. Uliudaka."

"Mama yuko wapi?"

"Anapiga picha," nilisema.

Akafumba jicho lake zima. Muuguzi aliyekuwa nasi, dada mmoja wa bara mwenye sauti kali, akanigeukia. "Mtoto, usimwache alale! Mwongeleshe! Mwambie chochote!"

Chochote nilichokuwa nacho kilinitoka kinywani. "Fungua macho, Athumani. Fungua macho, usifumbe. Sogeza mkono. Kidogo tu."

Niliyasikia maneno yale yakitoka kwangu, kwa sauti yangu, nikanyamaza ghafla. Muuguzi akanipigia kelele niendelee. Nikaendelea mpaka hospitali, nikilia, nikiyarudia hayohayo kwa kuwa sikuwa na mengine.

Walimwingiza ndani, mimi nikabaki kwenye benchi la ukumbini na glavu yake moja mapajani. Sijui nilikaa muda gani. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa nguvu, akaingia Mama. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine umejaa vumbi na umekatwa. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani, yeye ambaye sikuwahi kumwona nje bila mtandio. Mikono yake ilikuwa mitupu. Na kizibao cha chungwa alikuwa bado nacho mwilini.

"Riziki! Yuko wapi? Njoo, mwanangu."

Sikuinuka.

"Njoo!"

"Kivue kwanza," nilisema.

"Nivue nini?"

"Kizibao."

Alijitazama kifua kama mtu aliyeonyeshwa nguo ya mwingine. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kitu nilichokuwa nikikibeba msimu mzima bila kumwambia. Alikivua kwa pupa, kikamkwama kichwani, akakivuta mpaka kikachanika, akakiacha sakafuni. Kisha akapiga magoti pale pale mbele ya watu, akanikumbatia, na moyo wake ulikuwa ukigonga kifuani pangu kama mtu anayebisha mlango. "Mimi ni mama yako," alisema. "Mimi ni mama yenu. Kila saa. Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Tukangoja pamoja.

Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika, na ule unaolizunguka jicho. Daktari alitoka akasema ataishi, ila kuhusu jicho hakuahidi. Mama alisema alhamdulillahi kwa lile la kwanza, akaliacha la pili bila kulijibu.

Asubuhi yake tulirudi nyumbani kuchukua nguo, tukamkuta Karisa amekaa mlangoni petu. Nilijificha nyuma ya Mama. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mikononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa shati. Alilifungua shati taratibu. Ndani ilikuwemo kamera, na lenzi yake ndefu ingali imefungwa.

"Uliiweka chini ukaenda mbio," alisema. "Watu walikuwa wataikanyaga. Nikaikalia mpaka mechi ikaisha, kisha nikaja nayo. Nimelala hapa barazani. Sikutaka kumpa mtu anipelekee." Alimnyooshea Mama kamera. "Ile chupa ni mimi, mama. Niliitupa mimi."

Mama aliipokea kamera. "Na mechi?" aliuliza.

"Sare! Tumebaki! Kwani hamkuambiwa?" Uso wake ukang'aa, mara ukazima. "Yuaendeleaje?"

"Yu hai."

Karisa akaanza kulia pale mlangoni, kijana mkubwa vile, akijifuta kwa shati lililokuwa limefunga kamera. Mama akamwingiza ndani akampa chai na mahamri. Hakumtajia chupa, si siku hiyo wala siku nyingine, na Karisa akawa mtu wa kuja kwetu kila sikukuu.

Athumani alirudi nyumbani uso umefungwa nusu. Jioni ya kwanza, mara tu alipoweza kuketi, alisema, "Mama, nionyeshe nilivyoanguka."

"Hakuna."

"Si Riziki kaniambia ulikuwa ukinipiga picha?"

Mama alinitazama, kisha akaileta kamera akaiwasha. Tulikusanyika vichwa vitatu juu ya kile kioo kidogo. Lilikuwepo goli letu, zuri, mpira umetuna kwenye wavu. Ilikuwepo picha ya Athumani toka mbali, amesimama golini, anatema mate kwenye glavu. Iliyofuata ilikuwa nyasi na mguu mchafu wenye ndala. Ya mwisho ilikuwa goti la Karisa, lililokaribia sana.

Baina ya Athumani aliyesimama na mguu wa Karisa hapakuwa na kitu.

Athumani alicheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. Halafu akaiangalia tena ile picha yake aliyosimama. "Kumbe hukupiga," alisema.

"Nipige nini?" Mama alisema, akazima kamera.

Jicho lile la kushoto lilibakiwa na kivuli tu. Hakudaka tena ligi kuu. Kulikuwa na miezi ambayo hakutaka hata kuusikia mpira redioni, akakaa chumbani akigeukia ukuta, na tukamwogopea. Lakini alitoka. Siku hizi anafundisha makipa wa shule za sekondari, wasichana na wavulana, na huwakemea kwa sauti ambayo naijua ilikotoka. Bwana Kazungu alimwomba Mama arudi msimu uliofuata, naye akakataa kwa adabu. Alirudi kwa maharusi wake.

Mimi swali langu lilibaki. Nilijua hakupiga picha, nilijua alikuja mbio na kiatu kimoja. Lakini nilikuwepo pale, nilimwona amepiga magoti bila kutikisika. Kwa nini hakukimbia nilipokimbia mimi? Nilikua nalo, nikaolewa nalo, nikazaa, na nilipozaa likanisumbua zaidi. Sikumuuliza. Kuna maswali mtu anayaogopea jibu.

Mwaka jana Mama alipasuliwa mtoto wa jicho. Tulikaa naye kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, akiwa na bandeji, mkono wake juu ya mkono wangu, na kwa sababu hakuweza kunitazama nikapata ujasiri. Nikamuuliza.



"Kwanza, miguu ilikufa," alisema. "Usinipambe kwa watu. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa." Akavuta pumzi. "Lakini hata kama ingekubali, Riziki. Ndani ya ile lenzi mwanangu alikuwa hapa." Aliweka kiganja mbele ya uso wake, karibu na bandeji. "Niliziona kope zake. Niliona damu ikimtoka, niliona midomo. Ningeishusha ili nikimbie, angerudi kule mbali, kadogo, na nisingejua kama anapumua mpaka nifike. Ningemwacha peke yake njia yote ile. Sikuweza. Nikawa namwambia afungue macho, na akafungua. Namwambia asogeze mkono, akasogeza kidole."

"Kwa hiyo ukabaki."

"Nikabaki naye. Mpaka nikaona kinguo cha manjano kinaingia baina ya miguu ya watu, kimechanika. Nikaona mkono mdogo unamshika, na yeye anaushika." Vidole vyake vilinibana. "Nikasema, haya, mwenzangu amefika. Ndipo nikaiweka chini."